Washa Mara Moja

Wasifu wa Dada Yosefina ulisomwa pale Manyovu kwa muda ambao mimi hutumia kufunga kamba za viatu. Msomaji, kijana wa kwaya mwenye sauti nzuri kuliko maneno aliyopewa, alifika mwaka 2014 akasema, "Marehemu alifanya kazi Kasulu kwa kipindi kifupi," akafunua ukurasa. Kipindi kifupi! Nilikuwa benchi la tatu, na nawaambieni benchi lile lilitetemeka mpaka mama aliyekaa pembeni yangu akanishika goti akidhani homa imenipanda. Haikuwa homa, ilikuwa hasira. Watu wa Kasulu wananijua kwa vichekesho. Harusi haianzi mpaka nishike kipaza sauti, na kuna bibi mmoja aliwahi kucheka akameza jino la bandia, mjukuu wake ni shahidi. Siku ile ya mazishi hata salamu zilinishinda. Nilirudi nyumbani nikanunua daftari. Nilizaliwa wapi, baba alikuwa nani, tulikuwa wangapi mezani, hayo nayaruka, maana hayakuunguza bodi ya umeme hata moja. Nataka kuandika kile kipindi kifupi.

Tulifanya kazi mimi na yeye katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la Mzee Shabani, Kasulu mjini. Mbele palikuwa duka la khanga, misumari, sabuni na betri za redio, kisha pazia la maua mekundu, kisha sisi. Chumba kilikuwa kidogo kiasi kwamba ukitaka kupiga chafya unamwomba mwenzako atoke kwanza. Meza moja, dirisha moja linalotazama uani, makopo ya maziwa yaliyojaa transista na rezista, na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa ikichanganyika na ya vitunguu kutoka jikoni kwa Bi Zuhura, mke wa Mzee Shabani. Bi Zuhura alikuwa mtu wa Tanga, na miaka yote ya kukaa Kasulu hakukubali kushindwa na muhogo. Alituletea saa saba maharage ya nazi, nazi yenyewe imesafiri siku tatu kwenye lori, na samaki wa migebuka wa kukaanga juu. Yosefina alikula akiwa amesimama, macho kwenye bodi, sahani mkono wa kushoto. "Wewe mwanamke," Bi Zuhura alimwambia, "chakula changu si dawa, kaa ule." Yosefina akajibu, "Dada, nikikaa nitalala, nikilala huyu Msomi ataharibu kila kitu." Msomi ndiye mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, kwenye madarasa ya shule ya msingi ambako magoti yetu watu wazima yalikuwa juu kuliko madawati, na nilikuwa nimepata alama ya juu katika Kiswahili. Niliitangaza alama hiyo kwa watu wengi kuliko walivyotangaziwa sensa.

Yosefina alinizidi miaka kumi hivi. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi kabla hajazaliwa. Yeye alizaliwa hukuhuku, akalima hukuhuku, akajifunza ufundi wa redio kwa mjomba wake, na cheti chake cha uraia alikiweka ndani ya plastiki, ndani ya Biblia, ndani ya sanduku. Nimeona mafundi wengi, na wengine wana shahada za kuning'iniza ukutani. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuweka kidole juu ya bodi iliyokufa na kusema, "Hapa." Yeye alisema "hapa," na pakawa hapo.

Mwaka ule mradi mmoja ulifunga umeme wa jua katika zahanati kumi na moja za Kibondo, Kasulu na Kakonko, na sisi wawili tukaajiriwa kuwa mafundi wake. Betri zilikuwa za volti ishirini na nne, taa za chumba cha kujifungulia za volti kumi na mbili, na katikati ikawekwa bodi ya kupunguza, ukubwa wa kiganja, ya kijani, inang'aa kama embe bichi. Ndani yake kulikuwa na aisii, yaani chipu ndogo inayoongoza transista mbili, moja ya juu inayofungulia umeme wa betri, moja ya chini inayopokezana nayo, na kando yake kapasita kubwa za kuhifadhi umeme ili mwanga usitikisike. Mkuu wa kazi alikuwa Injinia, sitamtaja jina, mtu wa kutoka Dar aliyekuwa na kalamu saba kwenye mfuko wa shati na hakuazima mtu hata moja. Alileta karatasi ya maelekezo ya Kiingereza kutoka kwa watengenezaji, akatazama huku na huku kama anayeuza madini, akaniambia, "Wewe nasikia unajua Kiswahili. Igeuze hii, fupi, iweze kubandikwa ukutani." Niliigeuza kwa siku mbili kwa ari ambayo haijawahi kuonekana magharibi mwa nchi hii. Ikabandikwa zahanati zote. Chini yake palichapwa: Imeandaliwa na Injinia, na jina lake lote la vituo vitatu. Niliumia kidogo. Baadaye, Mungu anisamehe, nilishukuru.

Bodi zikaanza kuungua. Ya kwanza tukasema bahati mbaya. Ya pili, ya tatu, ya nne. Kila iliyorudi ilikuwa na ugonjwa uleule: transista ya chini imepasuka, ya juu nzima kama ilivyotoka dukani. Zahanati moja, mama alijifungua kwa mwanga wa simu ya shemeji yake, na simu ikapigwa katikati ya shughuli, shemeji akapokea. Tulicheka tulipohadithiwa, kisha Yosefina akaacha kucheka kabla yangu. "Yule mama angemwaga damu, nani angeona?" akasema. Kuanzia siku hiyo hakusimama tena kula. Hakula kabisa mchana.

Injinia alikuja na gari, akatoa bodi mpya kwenye boksi, akaiunganisha juu ya meza yetu, taa ikawaka laini, polepole, kama alfajiri. "Mnaona? Bodi ni nzima. Mbovu ni mafundi." Akashika zile zilizoungua, akazipanga. "Mbona transista ya chini tu? Umeme unachagua?" Hakungoja jibu. Alisema iko wazi: kuna mtu anachomoa transista halisi, anaweka za bandia, halisi zinauzwa. Alisema "kuna mtu" huku anamtazama Yosefina. Sisi tulikuwa wawili mle chumbani, na macho yake hayakunigusa hata kwa bahati mbaya. Nilipata kusikia sababu siku mbili baadaye, pazia likiwa katikati. Wateja wawili walikuwa wananunua misumari. "Yule mkimbizi wa nyuma anachomoa vyuma vya zahanati." "Si ana uraia?" "Uraia wa karatasi, bwana." Mzee Shabani akawaambia bei ya misumari imepanda, na ikapanda papo hapo kwa ajili yao. Yosefina alikuwa ameshika chuma cha kulehemu. Hakutetereka. Alimaliza kulehemu kile kiungo, akakipuliza, akasema kwa Kiswahili chake chenye Kiha ndani, "Ego, sawa. Wacha wanunue misumari."

Nikikumbuka utulivu ule napandwa na hasira upya. Mimi kama ningeitwa mwizi ningelia mpaka mto Malagarasi ukahama. Yeye alikuwa ameshaitwa majina mengi kiasi kwamba alijua gharama ya kupiga kelele: ukikanusha sana, wanasema unajua jambo. Kikao kiliitishwa Kibondo wiki inayofuata. Injinia alimweleza bila kumung'unya maneno kwamba asipokuwa na maelezo, jina lake litapelekwa polisi. Jina. Ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakikuwa ndani ya plastiki.

"Msomi," aliniambia, "zahanati gani haijarudisha bodi?" Tukapekua. Kumi zilikuwa zimerudisha, nyingine mara mbili. Moja haikuwa imerudisha hata mara moja: ya Nyabibuye, kule kwenye mpaka. Tulikwenda kwa pikipiki moja, kwa barabara iliyonitoa meno mawili na kuyarudisha.

Muuguzi wa Nyabibuye aliitwa Mama Stelia, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitusalimia kwa Kiha, "Mwakeye," akapiga makofi taratibu, akauliza habari za Kasulu, za mvua, za mihogo, za barabara, za meno yangu, na mpaka tunaruhusiwa kusema shida yetu mimi nilikuwa nimezeeka. Yosefina akamwuliza bodi yake anaitunzaje.

"Naitunzaje? Nafuata karatasi."

"Taa zikicheza-cheza?"

"Nazima. Karatasi inasema: taa zikicheza, zima, kisha washa mara moja. Basi nazima. Kesho jioni nawasha."

"Kesho?" nikasema. "Mama, mara moja maana yake palepale!"

Alinitazama juu ya miwani. "Palepale ingeandikwa palepale, mwanangu. Haraka ingeandikwa haraka. Mara moja ni moja, ya pili haipo. Siku ile nimeshawasha, nikiwasha tena si mara mbili? Usiku ule tunatumia taa ya mafuta. Kiswahili nilifundishwa kwa fimbo, nakijua."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaangalia ukuta niliokuwa nimeushika, na karatasi ilikuwa hapo, na sentensi ilikuwa yangu. Kiingereza kilisema, naona herufi zake mpaka leo, kwamba iwashwe mara moja tu, yaani isirudiwerudiwe. Mimi nililiondoa "tu." Mwalimu wetu wa jioni alikuwa akisema Kiswahili safi hakibebi vijineno vya bure, na "tu" nililiona la bure, nikalifuta kwa kalamu nyekundu kwa furaha. Zahanati kumi zilisoma "mara moja" kama ningeisoma mimi mwenyewe: haraka, palepale, usichelewe. Mwanga ukicheza mama akiwa kitandani, muuguzi anazima na kuwasha kama anayepiga kofi. Yosefina alikuwa ananitazama. Hakuniuliza. Alikuwa ameniona nikiigeuza karatasi ile siku mbili mezani kwetu, nikimsomea kila sentensi kama Injili.

Tuliporudi alichukua bodi nzima, akawasha, akazima, akabandika mita kwenye upande wa taa. Taa zimezimika kabisa, lakini mita ilikuwa inasoma volti tisa na ushee. Tukangoja. Dakika nzima, bado nane na kitu. "Taa zikishazimika hazinywi tena," akasema. "Umeme unabaki umelala kwenye kapasita." Kisha akanieleza, na sijawahi kusikia mtu akieleza vizuri namna ile. "Hii aisii ikiamka inaanza kuhesabu kutoka sifuri. Inapanda taratibu ili isishtue taa. Ikiamka ikakuta mlangoni volti tisa zimelala, inajiuliza: mbona nyingi, na mimi bado niko sifuri? Inafungua transista ya chini izimwage. Zinamwagika zote kwa mkupuo mmoja, zinarudi kinyumenyume, na wa kubeba ni huyu wa chini peke yake."

"Ndiyo maana Injinia akiitoa kwenye boksi inawaka vizuri."

"Boksini kapasita ni tupu. Yeye hajawahi kuwasha kitu kilichozimwa sasa hivi."

Nikasema, "Dada, kosa ni langu. Lile neno."

"Hata ungeliacha, zingine zingeungua. Bodi haijui kuanza ikikuta kitu. Ila wewe umeiharakisha." Akazima mita. "Kibondo utasema?"

Nikasema nitasema. Nilisema kwa sauti kubwa, kwa kifua mbele, nikaongeza na mkono juu.

Kikao kilikuwa katika chumba chenye meza ndefu, chai ya maziwa na maandazi makubwa kama mito ya kulalia. Mwenyekiti alikuwa mzee mpole wa halmashauri, pamoja na wajumbe watano, Injinia na kalamu zake. Yosefina hakutoa hotuba. Aliomba ruhusa, akaweka betri mezani, akaunganisha bodi, taa ikawaka. Akazima, akahesabu moja, mbili, akawasha. Paa! Moshi mweupe ukapanda, mjumbe mmoja akatupa andazi. Akaweka bodi ya pili. Akawasha, akazima, akabandika mita, akawaonyesha namba zikishuka. Safari hii aligusisha rezista ndogo kwenye nyaya za taa, namba zikaanguka mpaka sifuri ukiwa hujamaliza kupiga miayo. Akawasha. Taa ikapanda taratibu. Akarudia mara kumi, kila mara salama. "Ukiweka rezista hii ndani," alisema, "umeme uliolala unaisha wenyewe. Mtu azime, angoje kidogo, awashe. Sijaiba kitu."

Mwenyekiti alipiga makofi. Akachukua ile karatasi ya ukutani, akaisoma kwa sauti. "Washa mara moja. Sasa hii ndiyo imewaponza watu. Nani aliandika?"

Hapo ndipo ule mwaka wote ulipo. Waliojua walikuwa watatu mle chumbani. Injinia hakuweza kunitaja, kwa sababu jina lake lote la vituo vitatu lilikuwa chini ya karatasi na alikuwa ameshasifiwa kwa hilo. Yosefina alitazama mita yake. Na mimi, mshereheshaji wa wilaya nzima, mdomo ambao haujawahi kufungwa hata na tambi ya moto, mdomo ule ulikuwa na andazi. Nililitafuna. Lilikuwa andazi refu kuliko yote duniani. Nilijiambia nikimeza nitasema. Nilimeza. Nikachukua jingine.

"Mheshimiwa," Injinia akasema, "suala si karatasi. Karatasi tutarekebisha. Suala ni nidhamu. Fundi huyu amechoma mali ya mradi makusudi, mbele ya macho yetu wote. Leo kachoma bodi, kesho?" Na wajumbe, ambao dakika tano kabla walikuwa wamekodoa macho kama watoto kwenye mazingaombwe, wakaanza kutikisa vichwa. Kuchoma mali ya mradi, kweli. Bila kibali, kweli. Walimwondolea wizi, wakamwondoa kazini. Taarifa iliyotoka ilisema ofisi ya Injinia imebaini tatizo la kuwasha. Mimi nikapandishwa kuwa fundi mkuu. Nilipewa fulana.

Nimewahi kusema jukwaani kwamba aibu haiui, watu wakacheka. Ningemshika huyo aliyesema maneno hayo nimpige. Namchukia Injinia, namchukia kwa moyo mkunjufu kabisa, ningeweza kumchukia siku nzima bila kunywa maji. Lakini yeye alikuwa Injinia tangu asubuhi mpaka jioni, hakumdanganya mtu kuhusu alivyo. Mimi nilikuwa nimeinua mkono.

Nilimkuta Yosefina kwenye chumba chetu anapanga vitu vyake. Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na sahani, analia waziwazi, anawalaani wanaume wote wa bara kwa Kitanga. Nikaanza, "Dada Yosefina, naomba..." Akanisukumia kopo la maziwa lililojaa rezista. Juu yake alikuwa amebandika orodha ya zahanati kumi na moja.

"Unafikiri nilikuficha kwa sababu nakupenda?" akasema. "Ungesema, tungetoka wawili. Nani angeziweka hizi? Injinia? Nilihitaji mmoja abaki, na wewe ulikuwa unatafuna."

"Naomba msamaha."

"Weka kwanza. Na karatasi uiandike upya, vizuri. Kisha uje Manyovu na msamaha wako."

Niliziweka. Nawaapieni, nilizunguka zahanati zote kumi na moja, na hata Nyabibuye ambako Mama Stelia alikataa kata kata kuinywesha dawa bodi yake isiyoumwa, mpaka tukasalimiana upya tangu mwanzo. Hakuna bodi iliyoungua tena. Nilipomaliza nilipanda gari kwenda Manyovu nikiwa nimenyoa, nimevaa shati jeupe, nimejipangia hotuba ya kuliza lori. Nilimkuta kwenye kibanda karibu na wabadilisha fedha, redio ya dereva mmoja Mrundi imefumuliwa mapajani mwake.

"Zote?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Zote, Dada."

"Karatasi?"

"Mpya, zahanati zote. Nimeandika wazima, wangoje dakika tano, ndipo wawashe. Hakuna wa kukosea."

"Chini imeandikwa imeandaliwa na nani?"

Dereva mwenye redio alinitazama, akamtazama yeye, akasogea pembeni kidogo. Nilisema imeandikwa Injinia. Ndivyo ilivyokuwa ya zamani, sikutaka kuanzisha maneno.

Yosefina akachukua bisibisi.

"Basi bado," akasema, akaendelea na redio ya watu.